Mgeni Sebuleni Kwangu

Usiku wa jana niliota nimesimama nje ya folda, nimejitwika televisheni kichwani, na folda haitaki kunifungulia.

Hata usingizini nilijua chanzo chake. Mama mkwe wangu, Bi Tatu, alikuja kutoka Korogwe kwa jambo moja tu: kumwona marehemu mumewe, Mzee Mbaruku, kwenye video ya harusi yetu. Video imo ndani ya folda kwenye kompyuta ya chumbani. Sebuleni, chini ya televisheni, nimeweka kikompyuta cha Linux ambacho kazi yake ni kuzichota video za chumbani kupitia mtandao wa nyumbani. Jioni nzima kiliandika neno moja: Huruhusiwi. Mama mkwe akasubiri mkekani mpaka akasinzia. Mwishowe akasema, "Basi mwanangu, usijisumbue." Kesho yake alikuwa anarudi kwao, na hilo "usijisumbue" liliniuma kuliko tusi.

Basi niko mlangoni pa folda. Ni mlango wa mbao, umesimama peke yake katikati ya korido yetu. Nagonga.

"Nani?" inauliza folda, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa chakula.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Si mimi!"

"Humu hatumjui mtu anayeitwa Mimi," inasema, na kuendelea kutafuna.

Nataja jina langu, Sefu Kombo. Inajibu kwamba Sefu Kombo inayemjua ni wa chumbani. Huyu wa sebuleni haina habari naye.

"Ni mtu mmoja!"

"Kwenu, labda."

Nageuka kutafuta msaada, na korido imekuwa kibanda cha kinyozi. Kikompyuta changu kimekaa kitini, kimefungwa shuka shingoni, kinanyolewa vumbi.

"Ulipiga hodi?" kinaniuliza bila kugeuza shingo.

"Hodi ya nini? Nyumba yangu, waya nimevuta mwenyewe!"

"Ndiyo maana hufunguliwi. Unavamia tu na neno la siri. Neno la siri si salamu."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Vua viatu, upige hodi. Ukiulizwa nani, sema mgeni. Mgeni anaruhusiwa kutazama, haruhusiwi kuhamisha vyombo."

Hasira zinanipanda mpaka televisheni inacheza kichwani. Mgeni, mimi, kwenye nyumba yangu! Kinyozi ananipangusa jasho na kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sikumwomba methali.

Narudi koridoni. Navua kandambili, nazipanga mbele ya mlango.

"Hodi."

Kutafuna tu.

"Hodi!"

"Nani?"

Linanitoka kwa shida. "Mgeni."

"Alaa! Karibu, karibu. Si ungesema tangu jioni?"

Mlango unafunguka. Ndani yumo Mzee Mbaruku na kanzu yake ya siku ya harusi, mkono umeinuliwa, yuko mbele ya mlango mwingine. Nakumbuka asubuhi ile: nyumba yake ilijaa wanawake, naye kwa adabu akapiga hodi kwake mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sefu, mkono unaniuma. Nimeusimamisha hapa tangu jioni, hakuna anayeniitikia."

"Samahani, baba. Nilikuwa nabishana na folda."

"Bishana na mkeo, utashindwa mapema ulale," anasema. Nikaamka.

Alfajiri ilikuwa imeingia. Nikateremsha miguu kutafuta kandambili chini ya kitanda, hazipo. Nikaenda pekupeku sebuleni, nikazikuta mbele ya kikompyuta, zimepangwa vizuri sambamba, kama zinavyoachwa mlangoni pa watu.

Sikumwamsha mke wangu, Mwanaidi, kumuuliza. Nilikaa sakafuni, nikawasha televisheni, na pale kikompyuta kinapouliza jina nikafuta langu, nikaandika mgeni. Folda ikafunguka bila kinyongo. Nikabonyeza video, nikasahau kwamba jana kwa hasira nilikuwa nimepandisha sauti mpaka mwisho.

"Hodi!" akasema Mzee Mbaruku, nyumba nzima ikasikia.

Kutoka chumba cha wageni, kwa sauti nzito ya usingizi, Bi Tatu akaitikia.

"Karibu, baba Mwanaidi. Mlango uko wazi."