Kasha la Wafuga Nyuki

Walipotoka makaburini, watu waliingia ukumbi wa kanisa kunywa kahawa na kumsifu marehemu, kama ilivyo ada katika bonde lile. Oddny, mtoto wake wa pekee, akakaa meza ya mbele kusikiliza habari za baba aliyekuwa wa kila mtu. Kiongozi wa kwaya akasema Mzee Tarjei hakukosa mazoezi. Wapiga kodiani wakasema huyo ndiye aliyewanyoosha vidole. Wahesabu ndege nao wakaja na lao. Haya, baba yake, seremala yule, alipenda kila kitu chini ya jua. Na aliyekaa nyumbani chakula kikipoa mezani alikuwa nani? Mkewe, mpaka alipokufa, kisha Oddny.

Huko msichana akipata kipaimara, babake humpa kasha lenye jina lake na mwaka ule, vimechongwa kwenye kifuniko. Tarjei aliwachongea mabinti wa bonde zima. Binti yake mwenyewe akapewa saa ya dukani na maneno matamu: "Lako nimeshalianza, mwanangu. Lako halitaki haraka."

Ahadi ni deni, lakini Oddny hakudai. Karakanani hakuingia mtu ila wenzake wa vyama, naye Oddny akangoja mpaka akaota mvi. Juzi aliipekua karakana yote, akakuta mizinga ya nyuki, ndoana na kodiani mbovu. Kasha hakuna. Akajiambia labda liko kwa fundi wa rangi, na moyo wake ukang'ang'ania hapo.

Sasa akasimama Sigvald, mwenyekiti wa wafuga nyuki. Wenzake wawili wakaingia wamebeba kasha la msonobari lenye maua mekundu ubavuni.

"Hili alitupa mwenyewe, bure," alisema Sigvald. "Lilikuwa limekaa tu, akasema linamjazia nafasi, anataka kuweka mizinga. Akakipiga randa kifuniko mbele yetu, akachonga jina la chama. Mwaka ulikuwepo tayari, akauacha, eti amechoka. 1988! Na chama tumekianzisha tisini na moja. Kwenye mbao mzee wetu hana mpinzani, ila kwenye hesabu alikuwa mtoro."

Ukumbi ukacheka, kicheko cha mapenzi. Oddny aliinuka, akapitisha vidole juu ya kifuniko. Chini ya jina la chama ubao ulikuwa umebonyea kidogo, upana wa jina fupi kama lake. Kumbe kasha baba alilimaliza. Miaka yote ile alidhani baba alikosa muda tu, na kwa hilo alikwisha kumsamehe.

Kwa desturi mfiwa ndiye afungaye shughuli kwa shukrani. Oddny akageukia watu.

"Ahsanteni kwa kuja," alisema. "Baba hakukosea hesabu. Huo ni mwaka wangu wa kipaimara."

Sigvald akaweka kikombe chini.

"Jamani, dada yangu, hatukujua. Lichukue. Tunakupakilia garini sasa hivi."

Oddny akafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na glavu, nyavu za uso na harufu ya nta. Akakifunga taratibu.

"Hapana, kaka, kaeni nalo," alisema. "Mwenyewe alijua anampa nani. Kunyweni kahawa, inapoa."