Hamira ya Kidoti

Dada yangu alifariki Jumanne asubuhi. Kufika jioni nyumba ilikuwa imejaa watu, na shangazi akajitosa jikoni kuwaokea mkate. Kwenye jokofu alikuta kichupa kimeandikwa HAMIRA kwa mwandiko wa dada. Akakimimina chote kwenye unga.

Dada alikuwa mtafiti wa maabara. Binti yake, tunayemwita Kidoti, ana ugonjwa wa kurithi unaomlegeza miguu. Jeni yake moja ina kasoro, na protini ndani ya seli zake hupotea njia. Hamira nayo ina jeni kama hiyo. Dada aliitia kasoro ileile ili dawa zijaribiwe kwanza kwenye hamira, kabla ya kumgusa mtoto. Alitueleza kwamba jeni hiyo hufanya kazi kama mpanga barua wa posta. Shangazi akauliza kama ina pensheni. Jokofu la maabara lilipoharibika, dada akaileta hamira nyumbani. Nyingine haikuwepo.

Mkate haukuumuka. Ulitoka kama soli ya kiatu. Wafiwa na wageni, kwa heshima ya msiba, walitafuna kimya. Mjomba alivua meno yake ya bandia, akayatia mfukoni, akaendelea na chai tupu.

Kesho yake alikuja Miwani, aliyekuwa akifanya kazi na dada, kuchukua kichupa. Alikikuta kimeoshwa, kimejaa vijiti vya meno. Akakaa chini pale pale sakafuni.

"Ndiyo hiyo tu tuliyokuwa nayo," alisema. "Dawa za Kidoti tutazijaribu kwenye nini?"

Shangazi alinitazama, akamtazama Kidoti aliyeshikilia ukuta mlangoni. Kisha akaufuata mkoba wake, akatoa donge la unga wa jana uliokandwa, halijaokwa, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Nililiweka liwe ushahidi," alisema taratibu. "Nilidhani hamira hiyo mbovu mmeinunua kwa yule wa dukani. Nilikuwa nakwenda kumpaka nalo usoni."

Miwani alilipokea kwa mikono miwili kama anayepewa mtoto mchanga, akaondoka bila kuaga.

Huko maabara aliikuza hamira iliyokuwa kwenye donge, akailaza juu ya karatasi maalumu. Hamira isiyo na kasoro, alinieleza, haiachi doa. Ile ya dada humwaga nje protini inayotakiwa kubaki ndani, na karatasi hushika madoa. Siku chache baadaye akapiga simu, sauti inakatika.

"Madoa," alisema. "Karatasi imejaa madoa."

Shangazi aliyekuwa ametega sikio alininyang'anya simu, akampa pole, akamuuliza amejaribu sabuni gani.

Sasa hamira ya dada iko kwenye jokofu jipya la maabara, na kichupa cha akiba kiko kwa Miwani, mbali na jiko letu. Dawa ya kwanza inaanza kujaribiwa Jumatatu. Mkate tunanunua.