Jina la Arobaini na Moja

Mwaka 1994 nilimwondoa Klementina katika kwaya ya kigango chetu cha Mkula, mbele ya wenzake wote, na sababu niliyoitaja ilikuwa uvivu. Ubeti wa kwanza aliuimba vizuri kuliko mtu yeyote. Kufika wa tatu sauti yake ilianza kupitia puani, na kope zikamwangukia kama za mtu aliyekesha ngomani. Mimi, niliyefundisha miaka thelathini na miwili, tangu shule zikiwa bado za misheni, sikuona haja ya kuuliza. Nilimwambia aende akalale kwake.

Hakubisha. Alisema tu, "Mwalimu, sauti inaniisha," nami nikamjibu kwamba sauti haiishi kama mafuta ya taa.

Miaka miwili baadaye mumewe, Agapiti, alikuja kwangu. Mpunga ulikuwa umeiva, na kazi ya mkewe ilikuwa kuwafukuza ndege. Asubuhi alipiga kelele zikasikika ng'ambo ya mfereji. Ikifika saa nane mchana ndege walikula mbele yake, naye amefungua mdomo tu. Jioni hakuweza kutafuna ugali, na maji yalimtokea puani. Zahanati ilikuwa imemtibu malaria mara nne. Mganga alimchanja chale juu ya macho. Mama mkwe alisema anajidekeza.

"Na wewe unasemaje?" nilimwuliza.

"Mimi nasema atakufa, Mwalimu. Jana alipaliwa na uji, nikadhani ndiyo basi."

Ndipo nilipoukumbuka ule ubeti wa tatu. Siku hiyo hiyo nilimwandikia Stumai, mwanafunzi wangu wa zamani, muuguzi katika hospitali moja ya Ifakara. Alijibu kwamba daktari bingwa wa mishipa ya fahamu na misuli, Dokta Nazari, angepita hapo Jumatano, siku moja tu, kisha arejee Dar es Salaam. Bingwa mwingine wa kunielekeza kwake hakumjua.

"Mpeleke wewe," Agapiti aliniomba. "Mpunga nikiuacha siku mbili, tutavuna mabua."

Nilimwandaa Klementina kama nilivyowaandaa watoto kwa ajili ya mkaguzi. Jumanne tulifika kwa dada yangu Leticia, mtaa wa Viwanja Sitini mjini Ifakara, nami nikaamuru asishike ufagio, asiteke maji, asizungumze bila sababu. Alilala mapema. Alfajiri alioga, akavaa kitenge kilichopigwa pasi, na tukawa wa kwanza kwenye benchi la baraza ya hospitali. Saa nne, daktari alipofika, tuliitwa.

Dokta Nazari alimtazama macho, akamwambia anyanyue mikono, akamgonga magoti kwa nyundo ndogo, akamwagiza amsukume. Alimsukuma hata kiti cha daktari kikasogea.

"Mzee, huyu mama ananishinda nguvu," alisema. "Misuli yake sioni inachougua. Pengine ni mawazo."

Nilijaribu kueleza habari za kwaya na za ndege. Alinisikiliza kwa adabu huku akiandika kwenye kadi, na Stumai akaita jina la mtu mwingine.

Nje, Klementina aliketi akacheka kidogo.

"Nimepona, Mwalimu. Umenipumzisha mpaka ugonjwa umekimbia."

Alisema kwa utani, lakini maneno yale yalinichoma. Ugonjwa ule huja kwa kazi, nami nilikuwa nimemnyang'anya kila kazi. Nilikuwa nimeuficha kwa mikono yangu mwenyewe. Daktari angeondoka jioni.

"Litania ya watakatifu unaikumbuka?" nilimwuliza.

"Yote."

"Iimbe. Simama, nyanyua mikono, wala usipumzike."

"Hapa? Watu watasema nini?"

"Waseme."

"Na nikipaliwa?"

"Nitakuwa hapa," nilisema, ingawa sikujua ningemfaa kwa lipi.

Akaanza. Sauti ilitoka safi, na wagonjwa wakageuka. Kwenye mtakatifu wa nne bibi mmoja aliitikia "utuombee" kutoka upande wa pili. Kwenye wa kumi liliitikia benchi zima. Mimi nilihesabu kwa vidole. Kwenye jina la ishirini mikono yake ilianza kushuka.

"Juu," nilisema.

Kwenye la thelathini kope ya kushoto ilianguka. Sauti ikaingia puani. Mama mmoja wa Kisukuma aliyeketi karibu, Minza, aliacha kuitikia.

"Mzee, huyu mmekosana nini? Mwache akae."

"Bado," nilisema. Nilisikia sauti yangu ileile ya kwayani, nami niliichukia.

Kwenye jina la arobaini na moja midomo yake ilitikisika bila neno. Mate yalimchuruzika kidevuni, asiweze kuyameza. Nilimshika mabega akaegemea kwangu, kichwa kikining'inia, akivuta pumzi fupi fupi. Watu waliendelea kuitikia jina ambalo halikutajwa, kisha wakanyamaza.

Mlango ulifunguliwa.

"Nani amefariki?" Stumai aliuliza, maana litania ile huimbwa penye kufa mtu.

Dokta Nazari alikuwa nyuma yake. Alimwona Klementina, akapiga goti sakafuni, akamwinua kope kwa kidole, ikaanguka tena.

"Hivi ndivyo anavyokuwa jioni?"

"Kila siku, kwa miaka miwili. Asubuhi nilikuletea nusu ya mgonjwa."

Walimlaza ndani, wakamchoma sindano. Kabla ya nusu saa macho yote mawili yalikuwa wazi, naye akameza mate. Daktari alinieleza kwamba amri ya kichwani hufika mwisho wa mshipa, lakini msuli unaipokea kwa shida, na kadiri unavyotumika ndivyo unavyozidi kutoipokea. Vidonge vipo, ila si Ifakara. Aliandika barua: afike Dar es Salaam wiki hiyo, maana msuli wa pumzi nao ni msuli.

"Nitapona?" Klementina aliuliza.

"Utatibiwa," daktari alijibu. "Hilo la kupona sitakudanganya. Na nguvu hii ya sindano ni ya saa mbili, tatu tu."

Tuliporudi kwa Leticia mchana, wali na samaki vilikuwa vimetengwa. Nilibaki nimesimama.

"Klementina, kule kwayani nilikukosea. Nisamehe."

Alinawa mikono.

"Mwalimu, umesikia daktari. Imenibakia saa moja. Wali wa mchana sijautafuna tangu mwaka juzi. Hilo lako nitalijibu nikirudi kutoka Dar, kama nitarudi."

Akala. Alitafuna taratibu, kwa makini, akitoa miiba mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa sahani, nami nilisimama pale mpaka alipomaliza.