Kanisa Lililokataza Picha

Msusi alikwenda ng'ambo na kina mama wenzake wa kwaya kuzuru makanisa ya kale, akapiga picha mpaka simu ikapata moto. Zote zilikuwa za kumwonyesha mama yake, ambaye tangu usichana alitamani kuyaona makanisa hayo, na ambaye macho yalikuwa yakimfifia. Aliporudi, macho yalikuwa yamekwisha kuzima.

“Si kitu,” mama alisema, akajiweka sawa kitandani. “Nipeleke kwa maneno. Sifi mimi kabla sijaingia.”

Msusi akaanza kwa mbwembwe. Kanisa kubwa, mnara mrefu, vioo vya rangi.

“Hayo hata kalenda inayo,” mama alimkatiza. “Sakafu ilikuwaje? Mlango uliusukuma mwenyewe? Palinukia nini?”

Msusi alipekua simu: minara, vichochoro vya mawe, na yeye mwenyewe akitabasamu kila mahali. Hakuambulia kitu. Mji mzima aliutazama kupitia kioo kisichozidi kiganja, na harufu haikuingia humo. Aliona aibu, tena aibu ya kweli. Uongo ulimjia mdomoni, mtamu, uko tayari, akaumeza.

“Mama, nilipiga picha tu. Sikuangalia.”

“Uliingia na pua yako, hukuiacha hotelini. Tafuta.”

Akapiga moyo konde, akaizima simu, akafumba macho. Ndipo likamjia kanisa dogo la kwenye mteremko, ambalo mlinzi wake, mzee asiyejua kucheka, alimwamuru aitie simu mkobani. Siku ile alinuna kwelikweli. Picha ya humo hakuwa nayo hata moja.

“Mlango ulikuwa mzito,” alisema polepole. “Niliusukuma kwa bega.”

Mama akasogeza bega lake.

Wakashuka ngazi zilizolika katikati kwa nyayo za watu. Palinukia nta na mawe yenye unyevu, na baridi ilipanda kupitia soli za viatu. Msusi aliushika mkono wa mama, akaupitisha polepole kwenye ukuta wa kando ya kitanda. Walikuwa wamefika kwenye mabenchi ya katikati pumzi ilipompungukia mama, ikabidi ajilaze.

“Mengine yote yamenipotea, mama,” msusi alisema akimfunika shuka. “Sina kanisa jingine la kukupeleka.”

“Jingine la nini? Kesho tunaingia hilihili. Hatujafika madhabahuni.”