Nani Aingie kwa Zulaika

...na wote wawili wananitazama mimi, Millicent na Ekisa, kama vile tangu juzi nimeota kichwa kingine, kwa sababu Sista Mildred ameitwa Kakamega na wodi ameniachia mimi, Truphena, na ndani ya turubai hapa nyuma kuna Zulaika wetu, muuguzi mwenzetu, jana tu tumekunywa naye chai, sasa anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, dripu yake inakaribia kuisha, lazima mtu aingie akaibadilishe, mtu, lakini nani, "Sista, mimi siingii huko," Millicent anasema, "mimi niko na mtoto ananyonya," Ekisa naye anaangalia barabarani, malori yamepanga mstari yakingoja kuvuka mpaka wa Malaba, anayaangalia kama anayetaka kupanda moja aende zake, na mimi je, mimi sina watoto?... magoti yanatetemeka, Mungu wangu, wasiyaone, Sista Mildred angewaamuru tu, ingia ama uache kazi, na wangeingia, wamekuwa wakiingia tangu kipindupindu kivuke mto na watu wanaokimbia askari wa ng'ambo, wodi yake safi, hakuna anayechelewa, lazima niseme ukweli, kwa ile amri yake wengi wamepona, lakini ni yeye aliyesema mbele yetu sote kwamba muuguzi haugui, Zulaika akasikia, tumbo lilipoanza akanyamaza, akajikokota na ndoo mpaka asubuhi hii alipoanguka jikoni, nikamuuliza, dada, mbona hukusema, akaniambia, "Nilimwogopa Sista kuliko ugonjwa," kuliko ugonjwa!... mama Petronilla hangeamuru mtu, yeye ndiye alinifundisha kazi kule Port Victoria, mkubwa wa zahanati, na bado ndoo alimwaga yeye, mashuka alifua yeye, akikukuta umechoka anasema, "Mwanangu, umekula? Kaa, nitamalizia," wengine wakamcheka, eti huyu si mkubwa, huyu ni yaya, na wavivu wakakaa kweli, lakini mafuriko yalipoingia Rukala na homa ya matumbo ikafuata, tulimfuata kwenye matope bila kuitwa, hata wale wavivu, na akafa, hapo ndipo moyo wangu unakwama, homa hiyohiyo ikamuua, sasa kama kuongoza ni kutangulia hivyo, wiki ijayo ni mimi nimelala kwenye turubai, na wangu watalelewa na nani, basi nimtume Ekisa, hana mke, nikaze uso niseme Ekisa ingia, ni neno moja tu... "Sista, dripu," Ekisa anasema polepole, naichungulia chupa, imebaki kidogo chini, na mkono wa Zulaika umekunjamana kama wa bikizee, msichana yule... ngoja, mama Petronilla jioni ile ya mwisho alikuwa ameshika ukuta, nilimwona, nikauliza mama unaumwa, akacheka, "Hapana mwanangu, ni upepo tu," kumbe hata yeye alinyamaza, alitubeba sote na hakukubali tumbebe hata siku moja, Mildred anatutisha tunaficha, mama yangu yule alitupenda akajificha mwenyewe, na mimi hapa nimesimama naficha magoti, kwa nini, kwa faida ya nani... "Millicent," sauti yangu inatoka nyembamba, si ya mkubwa hata kidogo, "naogopa. Naogopa sana. Nitaingia mimi, lakini peke yangu siwezi. Wewe kaa hapa nje uniangalie mikono, nikitaka kugusa uso piga kelele. Ekisa atanipitishia chupa. Na tumbo likimsokota mtu, mimi ama nyinyi, anasema saa hiyohiyo, hakuna wa kumgombeza," na hakuna aliyesogea bado, hofu iko palepale kifuani, nzito, ila sasa haiko kwangu tu, Millicent amenikodolea macho, "Kumbe hata Sista anaogopa," anasema, na Ekisa, ambaye macho yamekuwa yakirudi barabarani, anageuka, "Basi tuko watatu."