Gari la Deraya Ndani ya Kisima cha Rispa

Siku gari la deraya lilipozinduliwa Lodwar, Rispa Akuwam alikuwa miongoni mwa akina mama waliosombwa kwa lori kutoka Kakuma kwenda kulichezea ngoma. Wakacheza. Jua likawapiga, vumbi likawaingia mpaka kwenye meno, na mheshimiwa mmoja aliyekuwa ameketi kivulini na chupa yake ya maji baridi akasimama kuwatangazia kwamba wizi wa mifugo umefika mwisho. Risasi hailipenyi gari hili, akasema. Gari hili ni lenu, wananchi wa Turkana. Makofi yakapigwa. Aliporudi nyumbani Rispa alikuta Landkruza ya kituo chao cha polisi imeshachukuliwa, kwa sababu wakubwa walikwisha kuamua kwamba kituo chenye gari la mamilioni hakihitaji gari jingine.

Na ile Landkruza ndiyo iliyokuwa gari! Ilikuwa kuukuu, mlango wake mmoja umefungwa kwa kamba, lakini ilijua kila kichochoro cha mbuzi. Ilibeba waliopigwa risasi, ilibeba walioumwa na nyoka, ilibeba wajawazito. Rispa mwenyewe alijifungulia humo kitinda mimba wake, huku askari dereva akiimba kwa sauti ya juu ili asimsikie. Sasa wakaletewa jumba la chuma lenye vidirisha vya kuchungulia, refu kuliko nyumba zao zote, na wakaambiwa washukuru.

Mwaka huo wa 2013 kiangazi kilikuwa kikali. Kituo kilikuwa upande huu wa laga, ule mto wa mchanga usiopitisha maji mpaka mvua inyeshe huko milimani. Wakati wa ukame kila boma huchimba kisima chake humo mchangani, kirefu kumzidi mtu, na kukizungushia matawi ya miiba. Miiba hiyo ndiyo mlango. Asiye wa boma lile haivuki bila kuomba. Hata awe anakufa kwa kiu, ataomba kwanza, na atapewa. Mtoto wa Kiturkana hulijua hilo kabla hajajua kujifunga shuka vizuri. Katika mafunzo ya kuendesha gari la deraya, inaelekea, halimo.

Asubuhi moja simu ya Rispa ikalia. Alikuwa Lokuruka, mchungaji aliyekuwa malishoni ng'ambo ya laga pamoja na Ekal, ndugu yake Rispa.

"Wamekuja alfajiri, wamechukua ng'ombe yote. Ekal amepigwa risasi kwa paja. Tumefunga na kitambaa lakini damu inakuja tu. Leta gari, Rispa. Leta gari haraka."

Rispa alifika kituoni akitweta, shanga zake zimekatika njiani na hakurudi kuziokota. Inspekta Ochola, mkuu wa kituo, hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akawaita askari wake wakapanda naye, na gari likawashwa likinguruma. Rispa alipotaka kupanda ili awaonyeshe njia, Ochola akamzuia.

"Raia haruhusiwi ndani, mama. Ni maagizo."

"Lakini mlisema ni yetu!"

"Ni yenu, ndiyo. Lakini huwezi kupanda."

Basi akalikimbilia kwa nyuma akimeza moshi, akiwaelekeza kwa kelele watu waliojifungia ndani ya chuma wasiosikia kitu. Dereva alikuwa Wasike, kijana wa Bungoma kwenye mvua nyingi, aliyeletwa mwezi uliotangulia. Aliposhuka lagani aliona miiba imerundikwa mbele yake, akadhani ni zizi bovu lililohamwa. Tena pembeni pake palikuwa na mchanga wenye unyevu, na kwao udongo wenye unyevu ni udongo ulioshikana.

"Hapana pita hapo!" Rispa akapiga ukelele. "Hiyo ni kisima ya watu! Pita katikati!"

Gari likaikanyaga miiba. Likatulia kidogo, kisha ukingo wa kisima ukaporomoka na pua ya gari ikazama, magurudumu ya mbele yakitupa mchanga na matope. Kilikuwa kisima chake Rispa mwenyewe, alichokichimba na majirani zake mpaka kucha zikang'oka.

Hakulia. Alimpigia simu Atem, kijana wa Sudan Kusini aliyekuwa akiendesha bodaboda kwenye kambi ya wakimbizi, akamwambia Ekal alipo. Atem hakuuliza nani atalipa. Kisha Rispa akawaita akina mama, wakaja na makarai na vibuyu, wakaingia chini ya lile dude kulichimbua. Askari walitaka kusaidia, lakini koleo zao ziliangusha mchanga mwingi kuliko zilioutoa, na Namuria, jirani yake Rispa, akawafukuza.

Walichimba jua likiwachoma migongo. Waliyatoa maji yao wenyewe, maji ya watoto na mbuzi, wakayamwaga kando ili mchanga ukauke. Kila mara Rispa aliinua kichwa akatazama ng'ambo. Gurudumu la kwanza likaonekana. Lilikuwa limebaki moja tu redio ya polisi ilipoanza kukwaruza.

Ochola alizungumza nayo kwa Kiingereza, akisema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Alipomaliza hakumtazama Rispa.

"Tumeitwa mjini," akasema. "Kuna vijana wamejaa kwa lango la ofisi wanadai kazi. Wamebeba mabango. Mkubwa anataka gari lionekane pale."

"Wako na bunduki?" Rispa akauliza.

"Hapana."

"Wamepiga mtu?"

"Bado. Mama, si mimi. Ni maagizo kutoka juu."

Rispa akasimama ndani ya shimo, matope mpaka kiunoni. Alicheza ngoma juani kwa ajili ya gari hili. Ndugu yake alikuwa akivuja damu nyuma ya kilima kile, na wenye bunduki walikuwa wakitembea zao na ng'ombe, na chuma kisichopenywa na risasi kilikuwa kikigeuzwa kwenda kuwatisha watoto walioshika makaratasi!

"Tulikuwa tunachimba gari ya kwenda kwa Ekal," akasema. "Hiyo ya kwenda kwa vijana, chimbeni wenyewe."

Namuria ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwaga karai lake la mchanga palepale alipouchota. Wengine wakafuata. Mchanga uliochukua asubuhi nzima kuutoa ukarudi kwa muda mfupi sana, na gari likazama tena mpaka kwenye vidirisha. Wasike alikuwa usukanini, askari wengine wamekwisha kupanda tayari kwa safari, na Ochola alikuwa amesimama juu akitafuta mtandao wa simu ili aombe lori la kulivuta kutoka Lodwar.

Ndipo pikipiki ikasikika. Atem alitokea ng'ambo akiwa amemfunga Ekal mgongoni kwa shuka, kichwa cha Ekal kimelala begani pake. Alipita katikati ya visima vya watu bila kugusa mwiba hata mmoja, yeye mzaliwa wa Bor, huko Sudan Kusini. Lakini alikuwa akija polepole. Mtu anayemkimbiza mgonjwa hospitali haji polepole.

Akina mama wakatua makarai yao. Ochola akavua kofia.

Rispa akapanda kutoka shimoni. Akaanza kuyaokota matawi ya miiba yaliyokanyagwa, moja baada ya jingine, na kuyazungusha tena mahali pake, gari likiwa ndani. Mikono ikamtoka damu naye hakujali.

"Pole sana, mama," Ochola akasema. "Unafanya nini?"

"Nafunga kisima yangu."

"Lakini askari wangu wako ndani."

"Waliingia bila kuomba," Rispa akasema, akiufunga mlango kwa tawi la mwisho. "Kutoka, wataomba."

Kisha akaenda kumfungua ndugu yake mgongoni mwa Atem.