Jioni ya Saa Nne Asubuhi

Kitu cha kwanza alichoona Selpher ni kuku. Saa nne asubuhi, kuku wa fundi cherehani wa jirani aliingia kwenye chumba cha kompyuta, akaruka juu ya mashine ya dirishani, akaficha kichwa chini ya bawa, akalala. Selpher aliacha kufagia. Ndipo akaona kwamba chumbani kulikuwa kumeingia jioni. Nje, mjini Kakamega, jua liliwaka kama kawaida.

Ilikuwa mwaka wa 1999. Kwenye mashine hiyo alikaa Cornelius, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyekuwa akitafuta hadithi za Waluhya kwenye intaneti. Alikuwa amengoja nusu saa ukurasa mmoja ufunguke.

"Umefungua hadithi," Protus, mwenye chumba, alimwambia. "Hadithi haisemwangi mchana. Sasa imekuja na jioni yake." Akawasha taa.

"Bora isije na mbu wake," Cornelius alisema, akaendelea kusoma kwa sauti.

Msichana alitumwa mtoni na kibuyu kilichotoboka, kikazibwa kwa nta. Akirudi, zimwi likammeza pamoja na kibuyu chake kilichojaa maji. Mwisho. Chini yake palikuwa na jina la mgeni aliyeikusanya, na maneno haya: msimulizi, mwanamke mzee asiyejua kusoma.

Selpher aliijua nta ile. Ilikuwa ya hadithi ya Edah, nyanya yake, aliyemwita Kukhu, kule Iguhu. Zamani mgeni huyo alikuja kwao adhuhuri na kinasa sauti. Selpher, akiwa na miaka minane, alishika kuku ambaye mgeni angepewa zawadi. Kukhu alisema hadithi haimalizwi jua likiwa juu, arudi jioni asikie iliyobaki. Mgeni alikuwa na safari. Alichukua kuku, akaenda. Kukhu aliendelea kumtolea kiti uani kila jioni, mpaka alipokufa.

"Nitaandika kwamba hadithi za huku huishia kwa kukata tamaa," Cornelius alimwambia Protus.

"Haikuisha," Selpher alisema, polepole sana.

"Mwisho wake umeandikwa wapi, dada?"

Selpher, aliyeacha shule darasa la tano, alitazama sakafu. "Haujaandikwa."

"Basi siwezi kuutaja. Wataniuliza nimeutoa wapi."

"Waambie umeutoa kwa mfagiaji," Protus alisema, wakacheka wawili hao.

Selpher akachukua ufagio.

Cornelius alipata shahada yake. Ukurasa ulibaki ulivyokuwa, na jioni nayo ikabaki kwenye mashine ile, hata ilipozimwa. Wateja waliizoea. Wenye macho mabovu waliipenda. Kuku alianza kutaga nyuma ya mashine, na Protus na fundi cherehani wakakubaliana kugawana mayai.

Siku moja adhuhuri Protus alienda kula. Selpher alisogeza kiti, akaketi mbele ya mashine. Upande ule ilikuwa jioni, kwa hiyo hakuvunja mwiko wowote.

"Tumboni mwa zimwi kulikuwa na joto," alisema. "Nta ikayeyuka. Maji yakamwagika, zimwi likatapika, msichana akatoka, akaenda kwao. Kukhu wangu aliitwa Edah. Ni yeye aliyesimulia."